Unataka kuingia polisi? Maswali ambayo vijana wa Lamu hawaachi kuuliza

Kila tangazo la kuajiri polisi likitoka, kuanzia Mkomani mpaka Mokowe maswali ni yale yale, na majibu ambayo mtu anapewa barazani mengi ni uongo mtupu, mengine yalikuwa kweli zamani. Mimi nimestaafu nikiwa sajini, nimekaa steshini za bara na za pwani, sasa nimeona niyaandike hapa yote kwa pamoja, anayetaka asome, asiyetaka apite. Ila niseme mapema, watu wanauliza sana kuhusu ile siku ya mbio na karibu hakuna anayeuliza kuhusu miaka inayofuata baada ya mbio. Nitajibu yote mawili lakini la pili ndo nitalikalia zaidi.

Gredi gani inatakiwa?

Kwa konstebo, matangazo ya miaka hii yanataka KCSE, ule mtihani wa fomu foo, D+ ya jumla, na D+ pia kwenye Kiingereza ama Kiswahili. Uwe Mkenya, umri 18 mpaka 28, usiwe na kesi ya jinai iliyokufunga. Cheti kiwe orijino, sio ile karatasi ya matokeo uliyopigiwa picha na mwalimu. Kuna vijana cheti chao kiko shuleni mpaka leo kwa sababu ya deni la fizi, nenda ukakitafute sasa hivi, usingoje tangazo litoke wiki ile uanze kukimbizana na mwalimu mkuu wakati hata shule zimefungwa.

Mimi ni mfupi kidogo, nitapita?

Wanaume futi 5 na inchi 8, wanawake futi 5 na inchi 3, ndivyo yanavyosema matangazo. Unapimwa bila viatu, umeegemea mti wenye alama, na ofisa anayepima hana haja na stori yako. Nyumbani watu wanajipima na viatu vya ubao halafu uwanjani wanashangaa inchi imekwenda wapi. Jipime ukiwa peku, kisigino ukutani, mtu mwingine ndo aweke alama. Ukipungukiwa, sahau konstebo mwaka huu na uangalie kazi nyingine, hakuna dawa ya urefu, wale wanaouza vidonge ni wezi.

Siku yenyewe inakuwaje?

Unafika uwanjani alfajiri, na ukifika saa tatu ushachelewa. Mnapangwa laini, karatasi zinaangaliwa, wasiotimiza wanarudishwa hapo hapo. Halafu mbio. Baadaye kuna kukaguliwa mwili, macho, meno, miguu, magoti, vidole, mtu anaambiwa atembee, asimame, afumbe mkono. Kuna wanaodhani ni madharau lakini kazi ya bunduki na kwata inataka viungo vizima. Waliopita wanaandikwa na wanapewa barua ya kuitwa, na huko chuoni mnapimwa tena na madaktari, kwa hivyo barua si mwisho wa mambo, ukificha ugonjwa watauona.

Kuhusu mazoezi, vijana wa huku mna tatizo moja, mnakimbia pwani ya Shela maji yakiwa yametoka, mchanga laini, upepo mzuri, mkirudi mnajiona wanariadha. Uwanja wa mbio ni ardhi ngumu na jua limekaa utosini na wengine watakusukuma. Kimbia barabara ya kule mji wa Hindi, kimbia saa nne asubuhi mara moja moja ujue jua linafanya nini, na ukimbie na wenzako ndo uzoee kukanyagwa. Usile mahamri na mbaazi za watu wawili ile asubuhi. Ndizi na chai yatosha.

Nimeambiwa bila pesa nyingi huingii, ni kweli?

Hili ndo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini. Kuajiriwa ni bure. Sitakudanganya kwamba hakujawahi kuwa na uchafu, umekuwepo na nchi nzima inajua. Mwaka 2014 waliajiriwa vijana kama 10,000, IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi, ikaenda kotini, na tarehe 31 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote kwa sababu ya ufisadi na kutofuata taratibu. Hebu fikiria mtu aliyeuza shamba la babake kule Mpeketoni ama jahazi la familia akampa mtu, halafu koti likafuta kila kitu. Pesa hairudi, manake utaidai kwa nani?

Tena sheria ya hongo ya 2016 inamkamata anayetoa na anayepokea, kifungo mpaka miaka 10 ama faini mpaka milioni 5 ama vyote viwili. Yaani unataka kuwa polisi na siku ya kwanza ushafanya kosa la kufungwa.

Na wengi wanaochukua hizo pesa hata hawana mtu ndani. Ni hesabu rahisi, anachukua kwa vijana ishirini, watatu wanapita kwa miguu yao wenyewe, anasema "mwaona, nimewaingiza", wale wengine anawazungusha mpaka wachoke. Akikwambia barua yako iko mezani Nairobi inangoja tu sahihi, zima simu.

Sisi wa Faza na Kiunga tulikuwa tunasumbuliwa na kitambulisho. Bado?

Kwa miaka mingi Wabajuni na jamii nyingine za mpakani walikuwa wanawekwa mbele ya kamati ya kuwachuja kabla ya kupata kitambulisho, kijana anamaliza fomu foo anakaa mwaka na nusu bila ID, tangazo linatoka linapita. Februari 2025 rais alitangaza huo mchujo wa kaunti za mpakani uondolewe. Kwa hivyo ukifika miaka 18 nenda ukaombe siku hiyo hiyo, na ukiambiwa lete mzee wa kamati uliza kwa adabu agizo liko wapi. Angalia pia jina, mara nyingi la kwenye cheti cha kuzaliwa, cha shule na ID ni matatu tofauti, huku Mohamed kule Mohammed, huku jina la babu limeingia kule halimo. Lirekebishe mapema, laini ya uwanjani haingoji mtu akafuate hati ya kiapo kwa wakili.

Kiganjo kukoje?

Baridi. Nyinyi mliozaliwa hapa baridi mnayoijua ni ya feni. Kiganjo iko Nyeri, chini ya Mlima Kenya, saa kumi alfajiri uko nje na fulana na vidole havifungi kamba ya buti. Wengine wanapelekwa Embakasi. Ni miezi kadhaa ya kwata, silaha, mbio, na darasa, tena darasa ni jingi kuliko mnavyofikiria: sheria ya jinai, ushahidi, haki za binadamu, huduma ya kwanza, namna ya kuandika ripoti. Wanaume wenye misuli wamelia kwenye mtihani wa sheria nikiwaona.

Kitakachokusumbua zaidi ni kupigiwa kelele. Mtoto aliyelelewa kwa "mwanangu" na "babangu" anaitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hajibu. Ukiwa mtu wa kununa haraka utapata tabu kabisaa.

Swala na saumu je?

Waislamu wako wengi kwenye huduma na kuna maimamu wa polisi, kama walivyo makasisi. Ijumaa unapangiwa kama zamu inaruhusu. Lakini zamu ni zamu, kuna Idd utailia getini na bunduki begani, na futari utaifungua kwa maji ya chupa kwenye roadblock. Kama hilo huliwezi basi jua sasa.

Kazi yenyewe ni nini hasa? Naona tu bunduki na magari.

Kazi yenyewe ni kuandika, wallahi. Kuandika na kusikiliza watu waliokasirika.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Mvuvi anakuja kaunta saa moja asubuhi, kanzu mbichi, anafoka, "mashine yangu ya boti imeibwa na fulani, mkamateni". Konstebo mbaya anachukua gari, ama tuseme anachukua boti, anaenda kumkamata fulani. Konstebo mzuri anamkalisha kwanza, anafungua OB, kile kitabu cha matukio cha steshini, anaandika saa na tarehe, halafu anaanza. Mashine ya aina gani? Yamaha. Horse ngapi? Kumi na tano. Namba ya injini iko wapi? Hapo mvuvi ananyamaza. Risiti? Alinunua kwa mtu. Chombo kilifungwa wapi, kilifungwa na nani, mara ya mwisho uliiona saa ngapi, maji yalikuwa yamejaa ama yametoka? Hili la maji ndo muhimu, kama maji yalikuwa yametoka chombo kilikaa mchangani, mwizi aliibeba kwa miguu, mashine kama hiyo ni nzito, si mtu mmoja, na kubeba kunaacha nyayo na kunaamsha mbwa na watu. Sasa ndo unamuuliza, huyo fulani ulimwona? "Sikumwona lakini namjua tabia yake." Aaah. Kumbe ugomvi ni wa zamani, wa nyavu.

Ile karatasi utakayoiandika hapo ndo itakayosimama mbele ya hakimu miezi minane baadaye, wewe ushahamishwa Wajir, unaitwa uje utoe ushahidi, na wakili atakuuliza kwa nini kwenye statement umeandika saa mbili na kwenye OB ni saa tatu. Kesi nyingi zinakufa hapo, kwenye kalamu. Kwa hivyo ukiniuliza ujiandae na nini kabla ya kuingia, nitakwambia pushapu sawa, lakini pia kaa chini uandike ukurasa mmoja wa jambo uliloliona leo, nani alikuwa wapi na alisema nini, bila kuweka maoni yako. Ni vigumu kuliko mbio.

Na saa zinakukimbiza. Katiba, kifungu cha 49, inasema uliyemkamata afikishwe kotini ndani ya saa 24, ama siku ya koti inayofuata zikiishia nje ya saa za koti. Sasa mkamate mtu kule Kiunga msimu wa kusi bahari imechafuka, barabara ina mambo yake, na hakimu yuko Amu. Hapo ndo utajua kupanga.

Mshahara unatosha?

Unatosha kuishi, hautoshi kuonekana. Mshahara wa msingi wa konstebo kwa miaka ulikuwa kwenye elfu ishirini na kitu, kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichotoa ripoti yake 2023, kikapendekeza nyongeza ya asilimia 40 kwa ngazi za chini, na serikali ikaamua kuilipa kwa awamu. Kuna posho ya nyumba na marupurupu mengine juu yake. Halafu kuna makato: bima ya afya asilimia 2.75, nyumba asilimia 1.5, kodi, na ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021 unaokata asilimia 7.5 na serikali inaweka 15.

Kinachomaliza polisi ni mkopo. Payslip ya kwanza tu watu wa mikopo wako getini. Mwezi wa tatu kijana ana pikipiki, ana tivi ya ukuta, na anapokea theluthi ya mshahara kwa sababu sheria hairuhusu wakate zaidi ya hapo. Mtu wa namna hiyo ukimweka barabarani na matatu zinapita, wewe mwenyewe jaza. Sikuona polisi mwenye deni kubwa aliyebaki msafi muda mrefu.

Nitapelekwa wapi? Naweza kuomba nibaki Lamu?

Kuomba unaweza. Konstebo mpya anapelekwa panapohitajika mtu, Turkana, Mandera, Kisii, popote. Ukija kurudi pwani ni bahati ama ni miaka. Kama mamako yuko peke yake na wewe ndo unamnunulia dawa, lipangeni hilo na ndugu zako kabla hujaenda. Nimeona ndoa nyingi zikivunjika kwa ajili ya uhamisho, mke yuko Langoni, mume yuko Lodwar, likizo mara moja kwa mwaka, mwisho watoto wanamwita baba mgeni. Tangu mabadiliko ya Septemba 2018, yale yaliyokuja na yunifomu ya buluu, polisi wanaruhusiwa kupanga nyumba nje ya kambi, hilo limesaidia kidogo wanaotaka kuishi na familia, japo ukipangiwa sehemu mbaya hutataka kulala nje ya kambi.

Ni hatari kiasi gani?

Swali la haki, na sisi wa Lamu hatuhitaji kuambiwa. Mpeketoni Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60. Operesheni ya kuwasaka Al-Shabaab msitu wa Boni ilianza 2015, na askari wamekufa kwa mabomu ya kutegwa kwenye barabara zetu hizi hizi. Bara nako, Baragoi Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa kwa siku moja wakifuata mifugo iliyoibwa, wengi wao vijana wapya. Simtishi mtu. Lakini ukiona mwenzako amevaa bulletproof na wewe unaiacha kwenye gari kwa sababu ya joto, hiyo si ushujaa.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana, ya kichwa. Utaokota maiti ya mtoto, utaenda nyumbani ule. Wale wenzetu waliosimamia ufukuaji Shakahola, kule Malindi, 2023, miili zaidi ya 400, unadhani walilala vipi? Zamani ukisema umechoka unaambiwa wewe mwanamume wa aina gani, watu wakaingia kwa pombe na miraa, wengine wakajimaliza. Siku hizi kuna washauri ndani ya huduma. Watumie. Na mtafute mtu wa nje pia, imamu, mjomba, yeyote asiyekuwa na cheo juu yako.

Mkubwa akiniamuru nifanye jambo baya?

Hili vijana wameanza kuuliza sana baada ya maandamano ya 2024, na nafurahi wanauliza. Sheria ya polisi ya 2011 ina jedwali la sita, linahusu nguvu na bunduki, lisome hata kabla ya kwenda Kiganjo. Linasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Na mtu akifa ama akiumia vibaya kwa risasi yako, IPOA lazima ijulishwe.

Kwa maneno ya steshini: risasi imesajiliwa kwa jina lako. OCS, mkuu wa steshini, hatakwenda kizimbani na wewe, atasema hakumbuki. Nimewaona wakubwa wazuri sana, wa kukusimamia mpaka mwisho, na nimewaona wa kusema hawakumbuki, na siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha. Ukipewa amri yenye harufu mbaya, omba iandikwe kwenye OB. Mara tisa kati ya kumi itageuka yenyewe.

Wasichana wanachukuliwa kweli ama ni kwa sura tu?

Wanachukuliwa na wanahitajika. Mwanamke aliyebakwa Pate hatamwelezea mwanamume kaunta, na mshukiwa wa kike anasachiwa na polisi wa kike, hilo si hisani. Usiwe na mimba wakati wa kuajiriwa na wakati wa mafunzo, watapima. Maneno ya mtaani kwamba binti akiingia polisi hataolewa, waulizeni polisi wa kike niliofanya nao kazi, wengine washakuwa bibi.

NPR, Coast Guard, jeshi, si vyote ni sawa?

Hapana. NPR ni askari wa akiba, wa kujitolea, kijana wa kijijini anapewa bunduki na mafunzo mafupi asaidie polisi, huku Lamu wamesaidia sana kwa sababu wanajua msitu, lakini si ajira ya polisi na haikupi nafasi moja kwa moja. Coast Guard iliundwa kwa sheria ya 2018, ina mambo yake ya bahari, ingawa ndani ya polisi pia kuna kikosi cha majini na ukijua kuogelea na kuendesha boti usinyamaze, bara wengi wanaogopa maji ya magoti. Jeshi ni KDF, wizara nyingine, tangazo lingine, vipimo vingine.

Nina digrii. Nitaanza na cheo?

Ukiingia kama konstebo wewe ni konstebo, hata uwe na digrii mbili. Nafasi za kuanzia uofisa zinatangazwa kivyake. Digrii inakusaidia baadaye, ukitaka DCI, idara ya upelelezi, kwa mfano, uhasibu na kompyuta zinatafutwa mno kwa sababu wizi mwingi siku hizi uko kwenye simu.

Na Haiti?

Nilijua itafika! Kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya waliotumwa kule kiliondoka Juni 2024 na kilitoka kwenye vikosi maalumu, si rekruti wa jana. Maliza Kiganjo kwanza.

Nikikosa mwaka huu?

Unarudi tena mpaka ufike mwisho wa umri. Hakuna ratiba, mwaka mwingine halitoki tangazo kabisa, na 2025 mpaka kulikuwa na kesi kotini juu ya nani ana haki ya kuajiri, Tume ya huduma ya polisi ama Inspekta Jenerali, kwa hivyo usikae kibarazani unangoja. Fanya kozi, jifunze gari kama uko Mokowe, saidia kwenye boti, na usiingie kwenye kesi ya kijinga ya kupigana ama bangi. Alama za vidole zinaangaliwa, na yule jirani uliyempiga kofi akaenda kuandikisha P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, hatakuwa amesahau siku majina yatakapotoka.